Mtu Aliyerusha Nusu ya Injini

Chama chetu cha Kiswahili kiliponitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu wengi walikuwa wamekwisha kuwagawana wanasiasa na washairi. Basi mimi nikachagua fundi. Jina lake ni Geoffrey de Havilland. Najua wengi mtasema hamumjui, lakini kazi yake mnaisikia karibu kila siku ikipita juu ya minazi. Zile ndege za mapangaboi mawili za Jambojet zinazotua Ukunda kutoka Nairobi, zikiwaleta watalii wa Diani, ni za aina ya Dash 8. Zilibuniwa na kampuni ya De Havilland ya Kanada. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1928 ili kuunganisha ndege ndogo za huyu bwana ninayetaka kuwasimulia.

Kilichonisukuma hasa ni ubishi. Darasani kwetu kidato cha tatu kuna kundi la wavulana wanaoshinda wakibishana juu ya pikipiki, maana wengine jioni huwasaidia kaka zao kwenye bodaboda. Siku moja mmoja akadai kwamba injini ya bodaboda ikifungwa kwenye mabawa yaweza kumrusha mtu. Wengine wakaangua kicheko. Mwalimu wetu wa fizikia alipoulizwa hakucheka. Aliandika ubaoni tu kwamba injini ya pikipiki ya sisi 150 hutoa nguvu za farasi karibu 12, na kwamba ndege ya kwanza ya ndugu Wright kule Marekani, mwaka 1903, ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 12 vilevile. Kisha kengele ikalia, akaenda zake, akatuacha na hesabu hiyo. Nilipokwenda kutafuta jibu ndipo nilipokutana na De Havilland, kwa sababu yeye swali hili hakulibishania kibarazani. Alilijaribu kwa mwili wake na kwa pesa za babu yake.

Alizaliwa tarehe 27 Julai 1882 karibu na mji wa High Wycombe, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa na mali hakuwa nayo, lakini babu yake mzaa mama alikuwa na uwezo. Baadaye familia ilihamia kijiji kiitwacho Crux Easton. Huko ndiko Geoffrey na kaka yake mkubwa, Ivon, walikojifunza ufundi wa kuchokorachokora mitambo, hata wakafunga mtambo wa umeme wa kuwasha taa katika nyumba ya baba yao. Fikiria, vijana wawili wa kasisi, kijijini, miaka ile! Kuna nyumba nyingi kwetu Kwale ambazo ziliona umeme miaka mia moja baadaye.

Alisomea uhandisi katika chuo cha Crystal Palace, London, kuanzia mwaka 1900 hadi 1903. Akiwa kijana alichora injini ya pikipiki na kuanza kuiunda. Lakini mfuko ulikuwa mtupu, akauza michoro yake kwa pauni tano. Pauni tano tu! Walioinunua walikuja kuanzisha kampuni ya injini iitwayo Blackburne, ikajulikana sana. Naomba msomaji ulitunze jina hilo la Blackburne, kwa kuwa litarudi.

Aliajiriwa hapa na pale. Alichora magari kwenye kampuni ya Wolseley, akachoka, akahamia kwenye kampuni ya kuunda mabasi jijini London. Kazi ilimpa chakula lakini haikumpa usingizi. Mwaka 1908 Wilbur Wright alipeleka ndege yake Ufaransa na kuirusha mbele ya umati, na habari zikaenea Ulaya nzima. De Havilland hakuwa amepanda ndege hata siku moja, lakini alipopata habari hizo aliamua kwamba atajenga yake. Akamwendea babu. Mzee yule alikuwa amepanga kumwachia pauni elfu moja katika urithi wake. Akakubali kumpa akiwa angali hai. Kwa wakati ule, pesa hizo zingeweza kununua nyumba. Hapa mimi husimama kidogo na kumfikiria huyo babu. Ni wazee wangapi wanaoweza kumpa mjukuu wa miaka 26 urithi wake wote akanunulie mbao, nyaya na kitambaa?

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, yaani injini. Siku hizo hapakuwa na duka la injini za ndege. Injini za magari zilikuwepo, lakini zilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Tatizo hilo lipo hata leo kwa wanaojijengea ndege nyumbani. Injini ya gari hubeba chuma kingi, hubeba rejeta na maji yake, na hupenda kuzunguka mbio sana, ilhali pangaboi hupenda kuzunguka polepole, mizunguko elfu mbili na kitu hivi kwa dakika. Ukilizungusha mbio zaidi, ncha zake hupigana na hewa bure. Kwa hiyo ukitaka kutumia injini ya gari unalazimika kuweka gia za kupunguza mwendo, na gia nazo ni uzito mwingine na kitu kingine cha kuharibika. Tena gari hutumia nguvu zake zote kwa dakika chache tu, mathalani likipanda mlima wa Shimba Hills. Ndege huomba nguvu nyingi saa baada ya saa bila kupumzika. Na gari likizima unashuka na kusukuma. Angani utasukuma nini?

De Havilland akaona aichore mwenyewe. Ilikuwa injini ya silinda nne zilizolala, mbili zikitazama huku na mbili kule, yenye nguvu za farasi 45 na kupozwa kwa maji. Hakuwa na karakana ya kuiunda, hivyo akaipeleka michoro kwenye kampuni ya magari ya Iris huko Willesden, kampuni ambayo kaka yake Ivon aliwahi kuisanifia magari kabla hajafariki angali kijana. Kazi hiyo peke yake ilikula zaidi ya pauni mia mbili za babu.

Ndege yenyewe aliijenga kwenye chumba cha kupanga mtaani Fulham, akisaidiwa na rafiki yake Frank Hearle, makanika wa mabasi. Mabawa yalikuwa ya mbao, yakivikwa kitani. Aliyeshona kitani hicho ni Louise, binti wa Wales aliyekuwa mwalimu wa nyumbani wa dada zake Geoffrey. Walioana mwaka 1909, na bibi harusi akajikuta mbele ya cherehani ya mkono akishona bawa baada ya bawa. Katika vitabu wanaume ndio wanaosifiwa, lakini mimi nasema bila sindano ya Louise pasingekuwa na ndege ya kuanguka wala ya kuruka.

Naam, ilianguka. Desemba mwaka 1909 waliipeleka mahali paitwapo Seven Barrows, uwanda wenye nyasi na mteremko karibu na Crux Easton. De Havilland akakaa mbele ya injini. Hakuwa na mwalimu, hakuwa na leseni, na hakuwahi kuruka hata mara moja. Aliiachia iteremke mbio, ikapaa, akaivuta pua juu mno. Bawa la kushoto likavunjika. Yote yalitokea katika mita chache tu, kama umbali wa kutoka lango la shule hadi kwenye mlingoti wa bendera. Mbao zikawa kuni. Yeye akatoka na michubuko.

Kilichosalia kikiwa na maana ni kile kilichogharimu zaidi: injini. Mtu mwingine angeiuza, arudi kwenye mabasi, na amwombe babu msamaha. Yeye na Hearle waliirudisha London wakaanza tena. Mara hii waliachana na mapangaboi mawili yaliyozungushwa kwa gia na vyuma virefu, wakafunga pangaboi moja moja kwa moja kwenye injini. Mimi naona hapo ndipo alipoanza kuwa fundi wa kweli, maana alipunguza badala ya kuongeza.

Ndege ya pili ilikuwa tayari mwaka 1910. Siku ya kujaribu, Hearle alilala kifudifudi kwenye nyasi ili atazame kama magurudumu yataachana na ardhi. Yaliachana. Zilikuwa inchi chache, lakini hewa ilipita chini ya magurudumu. Tarehe inayotajwa ni 10 Septemba 1910. Akaendelea kujifundisha mwenyewe, mara hatua chache, mara uwanja mzima, hadi akaweza kupinda kona. Wakati huo pesa zilikuwa zimekaribia kwisha kabisa. Bahati ikawa upande wake: serikali ilikuwa na karakana ya maputo ya jeshi huko Farnborough, ikainunua ndege hiyo kwa pauni 400 na kumwajiri yeye awe msanifu na rubani wa majaribio. Hearle naye akaenda pamoja naye. Januari 1911 ndege hiyo ilifanyiwa mtihani wa kuruka saa nzima, ikafaulu, na ile injini ya Iris iliyotolewa kwenye kuni za Seven Barrows ndiyo iliyoibeba.

Miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia nitaipita haraka. Mwaka 1914 alihamia kampuni ya Airco, na ndege zake zilipewa herufi za jina lake, DH. Ndege ya DH.4 ilisifika hata Marekani ikaunda karibu 5,000. Lakini iko moja ambayo siwezi kuiruka, nayo ni DH.9. Ilifungwa injini mpya iliyotarajiwa kutoa nguvu za farasi 300. Ilipotoka kiwandani ilibidi ishushwe hadi 230, na hata hapo ilikuwa ikizima hovyo. Vijana wengi walikufa kwa sababu ya injini iliyoaminiwa kabla haijathibitishwa. Wale wanaocheka kwamba ndege ni mabawa tu wasome habari za DH.9.

Vita vilipokwisha Airco ikauzwa. Tarehe 25 Septemba 1920 De Havilland alianzisha kampuni yake kwenye kiwanja cha Stag Lane, kaskazini mwa London. Ndoto yake ilikuwa ndege ndogo ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua, kuirusha na kuihifadhi nyumbani. Na hapa, ndugu zangu wa bodaboda, ndipo mnapoingia.

Mwaka 1923 gazeti moja la Uingereza lilitoa zawadi kwa ndege itakayokwenda mbali zaidi kwa galoni moja ya petroli. Sharti lilikuwa injini isizidi sisi 750. De Havilland akajenga kindege cha mtu mmoja, DH.53 Humming Bird, yaani ndege-mvumaji, na akakifunga injini ya pikipiki aina ya Douglas. Kikaruka! Kwa hiyo wale wenzetu waliocheka wamekwisha kujibiwa: injini ya pikipiki yaweza kumrusha mtu. Baadaye Douglas ikaondolewa ikawekwa injini nyingine yenye nguvu za farasi 26. Kampuni gani iliiunda? Blackburne. Ndiyo ile ile iliyoanza kwa michoro ya pauni tano. Mwaka huo alikuwa mteja wa injini zenye jina lililozaliwa kwenye karatasi zake mwenyewe. Dunia ni duara, bwana.

Lakini msishangilie mapema. Rubani Alan Cobham alikipeleka kindege hicho hadi Brussels, Ubelgiji. Katika kurudi, upepo ulimkabili usoni, na inasimuliwa kwamba alipotazama chini aliona treni ya mizigo ikimpita. Treni ya mizigo! Nguvu za farasi 26 zilitosha kupaa, hazikutosha kusafiri. Upepo wa kaskazi ukivuma pwani yetu, kindege cha namna hiyo kingetoka Msambweni asubuhi na mchana bado kinaitazama Gazi. De Havilland aliona hivyo, akaacha mashindano ya injini ndogo, wakati wengine waliendelea kuyashabikia. Alipiga hesabu akaona anahitaji nguvu za farasi kama 60, katika injini nyepesi, isiyotumia maji, na ya bei nafuu. Hapakuwa na injini ya namna hiyo sokoni. Ama zilikuwa kubwa za vita, ama ndogo za pikipiki.

Ufumbuzi alioupata ndio ulionipa kichwa cha makala haya. Kulikuwa na kampuni iliyonunua vifaa vya ndege vilivyobaki baada ya vita, na ghalani mwake mlikuwa na lundo la injini za Renault za nguvu za farasi 80. Zilikuwa na silinda nane zilizopangwa kama herufi V, nne upande huu na nne upande ule, na zilipozwa kwa hewa tu. Hakuna aliyezitaka. De Havilland akamwendea mhandisi Frank Halford na kumwomba aikate injini hiyo katikati. Halford akachukua silinda nne za upande mmoja, akaziundia sanduku jipya la kushikia mtaimbo wa kuzungusha, na sehemu nyingine akatumia vifaa vya magari vya kawaida. Nusu ya injini ya nguvu 80 ingetarajiwa kutoa 40, lakini kwa marekebisho yake ilitoa 60. Wakaiita Cirrus, jina la aina ya wingu jembamba la juu.

Kwetu fundi wa jua kali anayetoa kifaa kwenye gari bovu akakifunga kwenye mashine ya kusaga anaitwa mbabaishaji. Mimi sijui tutamwitaje De Havilland.

Tarehe 22 Februari 1925 yeye mwenyewe, akiwa na miaka 42, aliirusha ndege mpya hapo Stag Lane. Aliita DH.60 Moth, yaani nondo. Nondo mdudu, msije mkadhani ni nondo za kujengea nyumba! Alipenda wadudu tangu utotoni, na mabawa ya ndege hiyo yalikunjwa kuelekea nyuma kama ya nondo aliyetulia ukutani, hivi kwamba ungeweza kuivuta kwa gari na kuilaza kwenye banda. Miezi mitatu baadaye Cobham aliipeleka kutoka London hadi Zurich, Uswisi, na kurudi siku hiyo hiyo. Hakupitwa na treni.

Ikapendwa mno hadi lile ghala la Renault likaanza kwisha. Ikabidi Halford achore injini kamili, si nusu tena, nayo ni Gipsy ya mwaka 1927, yenye nguvu za farasi kama 100. Ili watu waiamini, kampuni ilichukua injini moja, ikaipiga lakiri isifunguliwe, ikairusha saa 600. Baadaye ikageuzwa kichwa chini miguu juu, silinda zikatazama ardhi, ili rubani aone mbele na pangaboi likae juu mbali na mawe. Ni wazo rahisi mno, nami nilipolisoma nilijiuliza kwa nini mimi sikulifikiria!

Gipsy Moth ndiyo iliyofungua anga ya nchi yetu. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi kwa Gipsy Moth moja, rubani wake akiwa Tom Campbell Black. Uwanja wa Wilson una jina la mama huyo hadi leo. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alijifunza urubani kwenye Gipsy Moth, na mwaka 1936 alipovuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, ndege yake haikuwa ya De Havilland lakini injini ilikuwa yake, Gipsy Six. Ilizima karibu na Kanada, si kwa ubovu wake bali kwa barafu iliyoziba njia ya petroli.

Msifikiri kila kitu kilikuwa sherehe. Hapo jirani zetu Voi, tarehe 14 Mei 1931, Denys Finch Hatton aliyekuwa akitafuta tembo kwa ndege alipaa na Gipsy Moth yake ya manjano, na muda mfupi baadaye ikaanguka na kuungua. Finch Hatton amezikwa milima ya Ngong na vitabu vimejaa habari zake. Ndani ya ndege alikuwa pia mtumishi wake, Kamau, akafa naye. Nimemtaja hapa kwa kuwa vitabu vingi humpita kama kivuli.

Msiba mkubwa zaidi ulimfika De Havilland mwenyewe. Alikuwa na wana watatu, na wote aliwaingiza katika kazi yake. Mwaka 1943 John, akiwa rubani wa majaribio, alifariki ndege mbili za kampuni zilipogongana angani. Tarehe 27 Septemba 1946 Geoffrey, kifungua mimba, aliyebeba jina la baba yake, alikuwa akijaribu ndege ya jeti, DH.108, iliyokaribia mwendo wa sauti. Ilivunjika angani. Louise, yule aliyeshona kitani cha ndege ya kwanza, hakupona uchungu wa kuwazika wanawe wawili. Alifariki mwaka 1949. Nimejaribu kuwaza alivyokaa De Havilland mezani baada ya hapo akiweka saini michoro ya ndege nyingine ya jeti, nami sipati picha. Lakini aliendelea.

Ndege hiyo nyingine ilikuwa Comet, ya kwanza duniani kuchukua abiria kwa injini za jeti, na injini zake, Ghost, zilitoka kwa yuleyule Halford wa nusu ya Renault. Safari ya kwanza ya kulipiwa nauli, tarehe 2 Mei 1952, ilitoka London kwenda Johannesburg ikipitia Entebbe hapa kwa jirani zetu Uganda. Watu walidhani zama mpya zimefika. Kisha Januari 1954 Comet moja ikapasuka karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35. Aprili nyingine ikaanguka karibu na Naples, watu 21. Zikasimamishwa zote. Wakachukua mwili wa Comet wakautumbukiza kwenye tangi kubwa la maji wakawa wanaujaza na kuupunguza kana kwamba unapaa na kutua, mara maelfu, hadi ukapasuka. Bati lilikuwa limechoka, na nyufa zilianzia kwenye pembe za nafasi zilizokatwa. Tangi hilo lilikuwa Farnborough, mahali palepale alipouza ndege yake kwa pauni 400. Kampuni haikuficha matokeo. Viwanda vya nchi nyingine vilijifunza kwayo, na kwa maoni yangu hilo lastahili heshima kubwa kuliko medali zake, ingawa alikuwa nazo na alipewa cheo cha Sir mwaka 1944. Comet iliyorekebishwa ilirudi angani, na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilizitumia kuanzia mwaka 1960. Shirika hilo lenyewe lilianza mwaka 1946 kwa ndege sita za De Havilland aina ya Rapide, zenye mabawa ya kitambaa na injini za Gipsy zilizopinduliwa kichwa chini.

Wanaojenga ndege kwa injini za kuazima hawajaisha. Ng'ambo wako wengi wanaotumia injini ya Volkswagen kobe, kwa kuwa haitumii maji na silinda zake zimelala kama zile za Iris. Hapa Kenya, Gabriel Nderitu wa Nyeri alitangazwa sana mwaka 2010 na 2011 kwa ndege aliyoijenga uani kwake kwa injini ya gari la Toyota. Nasikia wapo waliomcheka pia.

De Havilland aliendelea kurusha ndege mwenyewe mpaka umri wa miaka 70. Alifariki tarehe 21 Mei 1965, akiwa na miaka 82. Hakuzikwa kaburini. Majivu yake yalichukuliwa kwa ndege na kumwagwa juu ya Seven Barrows, kwenye zile nyasi ambazo Hearle alilala kifudifudi akitazama magurudumu.